Matairi ya Masika

Juzi mjukuu wangu kanunua tairi la pikipiki kwa muda wa kupiga chafya. Kaingia dukani, kanyoosha kidole, "nipe lile pale," katoka. Nikamwuliza, umechagua kwa kipimo gani? Akanicheka. "Bibi, tairi si tairi tu?" Nikanyamaza, maana mimi nikianza kutukana simalizi upesi. Babu yake, marehemu mume wangu Isaka, alichagua matairi yake kwa siku tatu, na bado matairi hayo nusura yampeleke kwenye kitanzi. Na aliyemsogeza huko ni mimi.

Naitwa Damari. Wakati huo tulikaa upande wa Mtinko, kaskazini ya Singida mjini, Mwingereza anatawala na vita vikubwa vimeisha juzijuzi tu. Isaka alikuwa amepelekwa vitani Bama, kule Asia, na huko jeshini akafundishwa kubeba barua kwa pikipiki. Aliporudi, boma likamwajiri utarishi. Akapewa pikipiki kuukuu ya jeshi, nzito kama ng'ombe aliyelala, na mlio wake ulikuwa unatangulia nusu saa kabla yake. Mimi nikiusikia naweka maji jikoni. Nisipousikia kwa siku yake, sikulala.

Mtu mwenyewe alikuwa mfupi, mpole, mbishi. Alikuwa na aibu ya kuongea na watu, lakini mwulize habari za barabara uone. Njia zake zilikuwa mbili na hazikupatana hata kidogo. Ya kwetu Mtinko ni mchanga, halafu mbuga, ule udongo mweusi ambao masika unashika gurudumu kama ugali wa uwele unavyoshika mwiko. Ya pili inashuka Ikungi mpaka Manyoni kwenye reli. Hiyo ni ngumu, imekauka, na juu yake changarawe za mviringo, ukizikanyaga ni kama mtu kakumwagia njugu sakafuni. Wiki hii anapita huku, wiki ijayo kule, mara nyingine zote mbili kwa siku moja, na mzigo wa barua na makasha ya dawa nyuma.

Masika ile pikipiki ilikuwa na matairi ya jeshi yenye meno marefu, kashata kama mnavyosema siku hizi, yamepangwa kama mishale inayofuatana. Wilaya nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Akipita, watoto wanakimbilia njiani kuangalia ile alama mchangani, mshale juu ya mshale, mpaka upeo wa macho. Kwenye matope ilikuwa raha. Mvua zilipokatika, ikawa balaa. Kwenye barabara ngumu yale meno yalitetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, na penye kona yakawa hayashiki kitu. Mwezi wa nne mwishoni akaanguka kabla ya kufika Ikungi. Alirudi goti limechubuka mpaka nyeupe inaonekana, na uso umebadilika.

"Mke wangu," akaniambia, "leo nimeogopa." Hata vitani Bama hakuwahi kusema hivyo.

Basi ndiyo akaenda zile siku tatu. Mjini Singida kulikuwa na mfanyabiashara aliyenunua mabaki ya jeshi, matairi yamerundikwa ua mzima. Isaka akawa anashinda pale anayageuzageuza, anayabonyeza kwa kidole gumba, anayanusa. Yule mwenye duka akadhani ana wazimu. Jioni akirudi ni hadithi hiyo hiyo.

"Sikiliza, Damari. La mbele ndilo linaloamua unakwenda wapi. La nyuma linaamua kama utakwenda. Sasa ukiweka meno marefu mbele, changarawe inakupokonya usukani. Ukiweka laini nyuma, mchanga wa Mtinko unakulaza njiani."

"Baba Kristina, mimi umenioa kwa siku moja. Matairi siku tatu?"

"Wewe sikuanguka nawe Ikungi."

Tukacheka. Mwisho akachagua: mbele tairi la mistari, mifereji inayozunguka gurudumu, kwa ajili ya kushika kona, nyuma tairi la vitofali, meno mafupi mapana yaliyokaribiana, si ya matope wala si ya lami, la kati na kati. Penye mchanga angepunguza upepo kidogo, penye ugumu angejaza. Alipanda akazunguka mtaa, akarudi anatabasamu kama aliyepata mtoto wa kiume.

Yale ya mishale hakuyatupa. Aliyafunga kamba, akayaweka nyuma ya ghala ya mtama ndani ya nyumba. "Haya ni ya masika," akasema. "Mvua ikirudi, bila haya mimi si mtu mbugani. Asiyaguse mtu." Nikaitikia, ndiyo, nimesikia. Nilisikia kweli. Tatizo langu tangu utoto si masikio.

Sasa mjue mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ilikuwa miaka ya simba-watu. Watu walikuwa wanauawa mashambani, wamechanwa kwa makucha, na wenyeji wakasema si simba wa porini, ni watu waliovishwa ngozi na kufundishwa kuua, na kila mmoja ana mwenyewe anayemtuma. Jua likielekea kuzama hakuna aliyekuwa nje. Kwenda choo tulikwenda watatu. Jirani aliyekusalimia asubuhi, mchana unajiuliza kama si yeye. Watu walikamatwa, wengine wakanyongwa, na hofu haikupungua hata punje. Mimi niliogopa simba, niliogopa watu, na zaidi ya yote niliogopa kutajwa, maana aliyetajwa alikuwa amekwisha.

Mdogo wangu Manase aliishi ng'ambo ya korongo pamoja na mama yetu. Baba alikwishafariki, na tulizaliwa wawili tu kwa mama, mimi na yeye. Kijana wa miaka ishirini, mchunga ng'ombe, mwenye kicheko cha haraka. Mwezi ule wa tano akachomwa na mwiba wa mgunga, mguu ukavimba. Akaja kwangu anachechemea, Isaka akiwa safarini.

"Dada, shemeji ana matairi mawili pale nyuma, panya wanayachezea. Mimi natembea kwenye miiba peku."

"Hayo ni ya masika. Kaniambia yasiguswe."

"Mvua ni mwezi wa kumi na mbili! Mimi mguu wangu ni leo."

Nikamtazama ule mguu. Ndugu yako akikuonyesha mguu umevimba namna ile, utamwambia nini? Nikalitoa tairi moja, tukalipeleka kwa Alute. Huyu Alute alikuwa ameishi Tabora, na huko alijifunza kutengeneza viatu vya tairi, tunavyoviita katambuga. Leo kila mtu anazijua. Kwetu siku hizo zilikuwa bado ngeni, watu walivaa ngozi au hawakuvaa kitu. Alute akakata kipande kwa kisu na maji, akashona mikanda, Manase akavaa. Akaruka juu akacheka. Lile tairi lililobaki, lenye pengo, nikalirudisha nyuma ya ghala, upande uliokatwa nikauelekeza ukutani. Nikasema mvua ikikaribia nitamwambia Isaka taratibu, akiwa ameshiba. Alute naye baada ya siku chache akaondoka kurudi Tabora.

Ilikuwa wiki ya pili tangu hapo. Isaka alikuwa Manyoni. Mchana jua likiwa limeanza kuinama tukasikia ukunga, ule wa wanawake, unaopokezana nyumba kwa nyumba. Binti mmoja wa kijijini, jina lake Lea, miaka kumi na miwili, alikuwa juu ya dungu la miti akiamia ndege wasile mtama. Walimkuta chini, ndani ya shamba. Sitasema jinsi alivyokuwa. Nilimwona, na nikasali Mungu anifutie, hajanifutia mpaka leo.

Wanaume wakaanza kutafuta nyayo. Mchanga ulikuwa laini na umevurugika sana, mtama umelala, lakini pembeni, mahali palipo wazi, wakasimama wote. Nikasogea. Kulikuwa na alama ya mishale. Mshale juu ya mshale, kipande cha urefu wa shubiri na kitu, halafu mchanga mtupu, halafu kipande kingine, halafu mtupu. Ilitoka shambani ikaelekea korongoni, na ilikuwa imekanyaga kwa nguvu, kama ya kitu kinachokimbia.

"Hili ni gurudumu la Isaka," mtu akasema.

"Gurudumu haliruki," akajibu mwingine.

"La Isaka linaruka. Hamwoni? Linatembea kwa hatua. Lina miguu."

Hakuna aliyecheka. Nawaambieni, watu wazima, wenye wajukuu, walisimama pale wanaangalia gurudumu lenye miguu, na wanaamini. Mimi peke yangu nilijua naangalia nini. Nikashika bua la mtama, likavunjika. Nikisema ni katambuga, wataniuliza katambuga za nani.

Isaka alirudi kesho yake, mchana. Siku hiyo nilipousikia mlio wa pikipiki kwa mara ya kwanza niliomba uzimike, uharibike, urudi ulikotoka. Haukuzimika. Alikuta watu wamejaa uani kwetu, baba yake Lea na ndugu zake wakiwa na mikuki, na mbele yao jumbe wetu, Mzee Mghenyi, mtu wa haki lakini mzee, na kwa macho yake alikuwa anaogopa kama sisi.

"Shikamoo, Mzee," Isaka akasema, akivua kofia yake ya jeshi.

Jumbe hakuitikia. Hapo Isaka akajua kuna jambo. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema jana wakati huo alikuwa stesheni ya Manyoni na watu walimwona.

"Mwenye simba hana haja ya kuwapo," baba yake Lea akasema, sauti haimtoki vizuri. "Mwenye simba anatuma."

Isaka akawaita waangalie magurudumu yake. Wakainama. Mbele mistari, nyuma vitofali. Hakuna mshale hata mmoja. Watu wakatazamana, na mimi moyo ukapanda. Ndipo mwanamke mmoja akasema, "Masika alikuwa na mishale, kila mtu aliiona. Kwa nini kabadilisha sasa?"

"Kwa sababu barabara imekauka!" Isaka akasema, na maskini wa Mungu, akaanza kuwaeleza. Akawaeleza kona ya Ikungi, changarawe, la mbele linaloamua na la nyuma linaloamua. Watu wenye maiti ya mtoto ndani wanaelezwa habari ya mifereji na vitofali. Niliona nyuso zao zinavyofunga. Kadiri alivyosema kweli ndivyo alivyoonekana mwongo.

Halafu akanigeukia, uso wake umejaa matumaini. "Mama Kristina, waletee yale matairi ya masika. Waone yamefungwa kamba, yamejaa vumbi, hayajatoka nje tangu mvua zikatike."

Nilikwenda. Kutoka uani mpaka ghalani ni hatua kumi, mimi nilizitembea kama natoka Singida. Nikasimama mbele ya yale matairi mawili. Nikachukua lile zima. Nikatoka nalo peke yake.

"Na la pili?" jumbe akauliza.

"Sijaliona," nikasema.

Isaka akanishangaa. "Yapo pamoja, mke wangu. Nyuma ya ghala."

Jumbe akatuma mtu wake. Akatoka nalo amelishika juu, na pale lilipokatwa jua likapita. Mtu mmoja akapima lile pengo kwa shubiri zake, akasema linatosha miguu miwili. Na hapo ndipo wakafika mahali ambapo hofu peke yake inaweza kumfikisha mtu.

"Amemvisha simba wake viatu!" ikapigwa kelele. "Amemvisha tairi ili tusione nyayo!"

Isaka alinitazama. Sikuweza kumwangalia, na kwa kutomwangalia nikawa nimemwambia yote isipokuwa jina. Miaka mitano ya ndoa, alinijua. Alijua nimelikata mimi, na alijua nikitajwa nimekwisha.

"Nililikata mimi," akasema.

"Kwa kazi gani?"

Hakujua lilikatwa kwa kazi gani, atasema nini? Wakamkamata. Hakupigana. Wakamfunga kwenye nguzo ya baraza ya jumbe, mikono nyuma. Jumbe akaamuru apelekwe bomani asubuhi. Lakini ndugu zake Lea hawakurudi nyumbani, walikaa pale pale wananoa mikuki kwenye jiwe, na kila mtu alijua kwamba asubuhi ni mbali.

Kristina wangu, mtoto wa miaka mitatu, nikamwachia jirani. Nikavuka korongo nakimbia. Mama alikuwa amekwenda msibani. Manase alikuwa ndani, mlango umefungwa mchana kweupe, amejikunja pembeni kama anayeumwa homa.

"Ulikuwa shambani," nikamwambia.

Akaanza kulia kabla sijamaliza. Alikuwa anatafuta ndama aliyepotea, akakata njia kwenye mtama wa baba yake Lea. Akasikia mtoto analia. Akasogea, akaona mtama unatikisika na mgongo wa kitu, wa rangi ya mtama wenyewe. "Nilikuwa na mkuki mkononi, dada. Mkuki wa baba. Na nikakimbia. Alikuwa bado analia, na mimi nikakimbia."

"Ilikuwa simba au mtu?"

"Sijui. Sikutazama. Niliogopa."

Nikamwambia kuhusu Isaka. Akaniangukia miguuni. Akasema wakijua ni yeye hawatasikiliza habari ya ndama. Akasema, "Nipe mpaka kesho, dada. Nikipata usiku mmoja nitakuwa nimevuka kwenda Mbulu, hapo waambie chochote. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya."

Nikamshika kichwa. Nikamwambia, "Sawa, mdogo wangu. Mpaka kesho." Akatulia, akanionyesha alipozificha zile katambuga, chini ya makapi ya mtama. Akaenda nyuma kuchukua kibuyu cha maji. Mimi nikachukua kiatu kimoja, nikakiweka ndani ya kaniki yangu, nikatoka.

Msiniulize niliamua saa ngapi. Nilipokuwa namwambia sawa, nafikiri nilikuwa nimekwishaamua. Mbele ya macho yangu kulikuwa na nguzo na mikono ya Isaka nyuma yake, na lile jiwe la kunolea. Sikuona kingine.

Nikafika barazani. Sikumsalimia mtu. Nikakivaa kile kiatu mguuni kwangu, nikapiga hatua moja mchangani mbele ya jumbe, nikainua mguu. Mishale ilikaa pale, urefu wa shubiri na kitu. Nikapiga nyingine.

"Si simba," nikasema. "Ni kiatu. Tairi nililikata mimi, mume wangu hakujua. Alute alishona."

Jumbe akainama, akagusa ile alama kwa fimbo yake. "Kiatu cha nani?"

"Cha ndugu yangu Manase. Hakuua! Alikuwa anapita, alisikia kelele, akakimbia, ana hofu tu, ni mtoto—"

Nani alinisikia? Walisikia jina. Lile jiwe la kunolea likabaki peke yake, na mikuki yote ikaelekea korongoni. Jumbe alikuwa anapiga kelele, "Mleteni hai! Mleteni hai!" na sauti yake ya kizee haikufika hata nje ya baraza. Tukabaki watatu, jumbe, mimi, na Isaka kwenye nguzo, hakuna aliyekumbuka kumfungua. Nilifungua mafundo kwa meno. Isaka alikuwa anasema, "Damari, umefanya nini? Damari." Akakimbilia pikipiki, akaipiga teke mara tatu ikawaka, akawafuata.

Hakuwahi. Waliovuka korongo walimkuta Manase njiani, na hawakungoja boma. Isaka alimrudisha nyumbani kwa mama akiwa amemlaza mbele yake juu ya tangi, kwa mwendo wa kutembea, na magurudumu hayakuteleza.

Siku ya tisa baada ya mazishi, simba alitokea penye kisima cha kijiji cha pili, mchana, mbele ya wanawake kumi na zaidi, akamkamata mmoja. Miguu minne, mkia, harufu. Askari wa wanyama akampiga risasi pale pale. Alikuwa mzee, meno yamevunjika, nungu wamemjaza miiba mguuni, hawezi tena kukimbiza swala. Baba yake Lea alitembea kwenda kumwona. Aliporudi alipita kwetu, akasimama mlangoni, akaenda zake. Baadhi ya wale vijana wa mikuki walifungwa.

Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumtunza, basi akahamia kwangu. Alipika, alilea Kristina, alinisaidia kupalilia. Hakunilaumu hata siku moja. Mimi ningependa angenitukana, matusi nayajua njia zake.

Isaka aliendelea na utarishi miaka kumi na mitatu. Masika iliyofuata alinunua matairi mengine ya mbugani, yenye meno ya namna nyingine, na yale ya zamani aliyachoma moto shambani, moshi mweusi siku nzima. Na kila alipobadilisha matairi, mvua au kiangazi, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na pikipiki akiisukuma kwa mkono, anawaonyesha watu: hili ndilo la mbele, hili la nyuma, litazameni vizuri, mlijue. Watoto walimcheka. Wakubwa walitoka, wakatazama, wakaitikia kwa heshima kama walio kanisani. Hofu haikumtoka mpaka anakufa. Akipata pancha karibu na mashamba ya watu alikuwa haitengenezi, anaisukuma mpaka barabara kuu, goti lile linamuuma, asije akaacha alama mahali pasipofaa.

Lakini hilo nililotaka kulisema ni la mwaka wa pili. Jioni moja tulikuwa uani, mimi na yeye, anapangusa rimu kwa kitambaa. Hakuwa amewahi kuniuliza. Siku hiyo akauliza, bila kuinua kichwa.

"Damari. Ungejua ni simba wa kweli, ungemtaja Manase?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimekwishadanganya mara mbili kwa siku moja, nilijua kunavyokuwa. Nikamwambia, "Ningemtaja vilevile. Walikuwa wanakuua wewe."

Akaacha kupangusa. Ndipo niliposikia mchakacho nyuma ya mlango, mama alikuwa amekaa pale anachambua mtama, sijui tangu saa ngapi. Ungo ukatulia. Halafu ukaendelea.

Asubuhi mama alifunga nguo zake kwenye kaniki, akasema amepata hamu ya kuwaona ndugu zake wa Ikungi. Ni mwendo wa siku mbili, na yeye magoti yalikuwa yamekwisha. Isaka akatoa pikipiki, akaiegemeza mlangoni, akajaza upepo, akakunja gunia akaliweka nyuma pa kukalia. Mama akamshukuru sana, akambusu Kristina. Kisha akasema atakwenda kwa miguu.